Injini Ikiwa Moto

Baba yangu aliijua Bukavu kwa miteremko yake. Watu wengine wakielekezana njia hutaja kanisa, soko, au kona ya wauza vocha. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: pale mbele ya nyumba, barabara inashuka au imelala? Kama inashuka, tulikwenda. Kama imelala, alikuna kidevu na kusema tutawaona siku ya misa.

Sababu ilikuwa gari letu. Lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, milango minne mizito na usukani mpana kama sinia, na lilikuwa kuukuu tayari siku alipolinunua, kabla mimi sijazaliwa. Asubuhi, likiwa baridi, liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, hata mama akasema gari hili linaamka vizuri kuliko watoto wake. Lakini likishatembea nusu saa, injini ikashika moto, ukilizima halikubali tena. Ulizungusha ufunguo ukasikia "tak", mara moja, kama mtu anayebisha mlango halafu anaghairi. Taa zinawaka, redio inaimba, honi inalia. Kilichokataa ni demareri peke yake, ile mota ndogo inayoizungusha injini ili iamke. Ilitaka kupoa kwanza. Ilitaka saa nzima, na siku za jua kali saa moja na nusu.

Kwa hiyo tuliegesha pua ikitazama chini. Shule niliyosoma, daktari wa meno, rafiki za wazazi wangu, hata parokia tuliyosalia, vyote vilichaguliwa na mteremko kabla hatujavichagua sisi. Baada ya misa mama alikusanya kitenge chake akaingia mbele, mimi nikaingia nyuma, baba akaachia breki. Palikuwa na kitambo kifupi pale, kabla hajaachia klachi, ambapo gari lilikwenda bila sauti yoyote. Tulisikia magurudumu juu ya kokoto, na upepo wa ziwa ukipita katika vioo visivyofunga vizuri. Kisha injini ikashika kwa mtikisiko, na mama akaendelea na sentensi yake pale alipoikata. Nimejaribu mara nyingi kukiandika kitambo kile, na kila mara nimekifuta, kwa sababu kwenye karatasi kinakuwa kimya cha kawaida. Hakikuwa cha kawaida. Tulikuwa watu watatu tunaoshuka mlima pamoja huku tunangoja.

Siku za dharura, tulipokwama mahali palipolala, kulikuwa na dawa. Baba alifungua boneti, akatandika kitambaa juu ya demareri, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mimi nilimpa maji. Kazi yangu ilikuwa kubeba kibido, yaani kidumu cha lita tano, kukijaza kila Jumamosi, na kumimina polepole pale aliponionyesha. Maji yalitoa mvuke na harufu ya chuma. Baba alihesabu hadi mia kwa Kifaransa, kisha akajaribu ufunguo. Mara nyingine dawa ilifanya kazi. Siku hizo alinipigapiga begani na kuniita daktari wake, nami nikarudi nyumbani nimejaa fahari.

Mahali pamoja dawa ile haikujaribiwa kamwe, kwa sababu pale baba hakuzima gari hata siku moja. Ni kwa dada yake.

Shangazi yangu anaishi karibu na Kavumu, ambako nchi imelala kiasi kwamba hata ndege zilipewa uwanja huko. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na baba alikuwa bado ananyonya. Alimbeba mgongoni akienda shambani, mgongoni akienda mtoni, na watu wa huko wanasema alikataa wachumba wawili mpaka mtoto wake, yaani baba, aanze shule. Baba alipopata gari, kabla hajalipeleka nyumbani kwake, alilipeleka kwake yeye.

Tulikwenda huko karibu kila mwezi. Baba alisimamisha gari barabarani, mbele ya ua wake wa miti, akaacha injini ikinguruma. Shangazi alikuwa ameshasikia. Alitoka akijipangusa mikono, akaja dirishani, akaweka viganja vyake viwili kwenye mlango wa gari kana kwamba anaushikilia. Walizungumza hapo dakika kumi, kwa sauti kubwa, kuushinda mngurumo: nani amezaa, nani anaumwa, mihogo imefikia wapi. Kisha akapitisha dirishani kifurushi cha majani ya ndizi chenye bugali ya moto na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, baba akakipokea, akaweka gea. Tulikula njiani, baada ya soko la Mudaka, vidole vikituungua.

Kwetu, mtu aliyefika mlangoni asiketi wala kutia kitu mdomoni hahesabiwi kuwa amekuja. Nilipokuwa mdogo sikuliona hilo. Harusi na matanga baba alikwenda katika magari ya wengine, akarudi na wengine, na siku kama hizo nani anakaa na dada yake? Kwa hiyo ilikuwa hivi: zaidi ya miaka ishirini, baba alikwenda kwa aliyemlea, na hakuwahi kumtembelea.

Mwaka juzi presha ilimpiga baba. Alibaki na upande mmoja wenye nguvu na mwingine unaomsikiliza kwa kuchelewa, mkono na mguu wa kushoto. Mimi ndiye ninayeendesha sasa. Niliurithi usukani pamoja na miteremko yote. Kisha, kiangazi kilichopita, shangazi alipiga simu, na baba alikaa na simu ile magotini muda mrefu baada ya mazungumzo kwisha.

"Yaya anasema macho inamwisha," aliniambia. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Anasema akikuya ku dirisha ataona kivuli tu."

"Tutaenda Jumamosi, Papa."

"Siende ku dirisha." Alitafuta pumzi. "Minataka kushuka, maman. Nikae. Nikule mu sahani."

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu utoto, maman, kwa sababu nilipewa jina la mama yao. Nikamwambia hilo ni jambo rahisi, tuchukue teksi, itupeleke na kutungoja.

"Mu motoka ya mutu?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Yaya haone. Anajua sauti ya ile motoka. Mukikuya na ingine, atajua ni nani anakuya?"

Kesho yake nililipeleka gari Kadutu.

Fundi wetu wa umeme wa magari anafanya kazi chini ya mabati manne yanayoegemea ukuta wa shule. Jumapili huimba sauti ya nne katika kwaya, na kazini huimba hiyohiyo, kwa hiyo nyimbo zake hazina mwanzo wala mwelekeo. Gari letu huliita koko, kama tunavyowaita bibi zetu.

"Mwandishi! Umeleta koko? Leo anakatala nini?"

"Demareri. Akiwa moto."

"Demareri!" Aliwageukia wenzake wawili waliokuwa wakila mahindi. "Munasikia? Hii motoka imekula demareri tatu. Ya tatu nilimulisha miye mwenyewe. Na zote zilikuwa nzima!"

"Basi ulitulisha ya nini?"

"Papa yako alisema nitoshe ya zamani, niweke mupya, nikatosha. Muzee akisema, weye utabisha?"

Nikamweleza kwamba safari hii si ya kwenda na kurudi. Tunakwenda mahali palipolala, gari litazimwa, na lazima liwake. Nikamweleza na sababu. Aliacha kuimba.

"Bon. Basi leo hatufungue kitu. Tumungoje mugonjwa augue mbele yetu."

Akaniamuru niendeshe hadi Bagira na kurudi, mara mbili, nisizime hadi anaponiambia. Niliporudi, joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye boneti na kufanya ukuta wa shule ucheze. Alinionyesha kwa mkono: zima. Tukakaa. Nilitaka kujaribu mara moja, akanizuia.

"Ngoja. Motoka ikisimama, hewa haipite tena, moto yote inapanda ku demareri. Dakika makumi mbili, makumi tatu, pale njo mubaya sana. Yeye aliye na haraka haone ugonjwa."

Dakika zilipotimia alichukua kipimo chake, waya mmoja akaugusisha kwenye pini ya betri, ile ya upande wa masi, yaani hasi, mwingine kwenye chuma cha injini. Akaniambia nizungushe ufunguo. Tak. Akatazama namba, akatikisa kichwa, akaniita nije kuona, ingawa sikujua namba ile ilipaswa kuwa ngapi.

"Hapa ingekuwa karibu ziro. Umeme inatoka mu batri muzima, inapotelea njiani kurudi. Demareri inabaki na njaa."

Kisha akafanya jambo dogo sana. Alichukua waya mnene wa kuazimana umeme, akaunga betri na chuma cha injini moja kwa moja, akasema, "Washa."

Liliwaka. Likiwa moto, mahali palipolala, bila kusukumwa, kwa robo ya mzunguko. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia gari lile likifanya hivyo. Nilikaa na mikono kwenye usukani, na kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa furaha. Nilihisi kama mtu aliyetembea siku nzima kuzunguka nyumba, akakuta mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Fundi alilala chini ya gari. Alitoka na kipande cha waya uliosukwa, ule unaofunga injini na mwili wa gari ili umeme urudi kwenye betri. Ulikuwa wa kijani na mweupe kwa kutu. Aliupinda, nyuzi zikakatika kama majani makavu.

"Hii imekunywa maji," alisema. "Lakini maji ya wapi? Mvua haifike hapa."

Nilitazama kibido chetu kwenye kiti cha nyuma.

"Mwandishi. Ni nani anamwagaka maji hapa?"

"Sisi," nikasema. "Ikikatala. Tunaipoza."

"Tangu lini?"

"Tangu niko mutoto."

Alicheka, wenzake wakacheka, kisha akaniona usoni akaacha. Akanionyesha bomba la moshi lililopita upana wa kiganja tu kutoka kwenye demareri, na matundu mawili ya skrubu ambapo zamani kulikuwa na kibati cha kuzuia moto. Hilo ndilo lilikuwa chanzo, alisema, kibati kilichoondolewa na mtu fulani asiyejulikana akidhani hakina kazi. Joto peke yake lingekuwa usumbufu wa mara mojamoja. Lakini baba aliitibu demareri kwa maji, maji yakatiririka hadi kwenye waya, waya ukaoza, ugonjwa ukaongezeka, naye akaongeza maji.

Na maji niliyabeba mimi.

Tulimaliza jioni ya siku ya pili. Alikwangua chuma hadi king'ae, akafunga waya mpya mnene kama kidole gumba, akaupaka grisi. Alikata kibati kipya akakifunga kati ya bomba na demareri, akiacha nafasi ya kupitisha hewa. Aliweka rele, kisanduku kidogo cha kuwasha umeme, ili umeme wa kuiamsha demareri upite njia fupi badala ya kuzunguka kupitia waya zote zilizochoka. Tukalipeleka Bagira mara tatu. Tukangoja ile nusu saa mbaya mara tatu. Mara tatu likawaka.

"Usimwambie muzee mambo ya maji," alisema akinirudishia ufunguo. "Mwambie ilikuwa waya."

"Ilikuwa waya kweli."

"Njo vile. Haujadanganya."

Jumamosi baba alivaa koti lake la harusi. Mama alimfunga kamba za viatu, akakagua kola yake, akasema yeye anabaki, maana hii ilikuwa safari ya watu wawili, baba na dada yake, na dereva. Tulipita Bagira, ziwa likiwa kulia kwetu, la rangi ya bati jipya. Kila tulipopanda kilima baba alitazama kipimo cha joto, na tulipofika Mudaka aliuliza kama fundi alikaza kila kitu. Baada ya Miti nchi ilianza kulala. Nilimwona akitazama barabara iliyonyooka mbele yetu kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

Shangazi alikuwa amesimama barabarani tayari, kitenge kichwani, kifurushi cha majani ya ndizi mikononi. Alikuwa amegeuza sikio kwetu, si uso. Nilisimamisha gari. Kabla sijafanya lolote, baba aliinama upande wangu, akanyoosha mkono wake mzima, akazima injini.

Sikuwahi kusikia mahali pale pakiwa kimya. Kulikuwa na kuku. Mbali kidogo, mtu alikuwa akitwanga. Shangazi alibaki ameshika kifurushi kuelekea dirisha ambalo safari hii baba hakulifungua.

"Imekufa?" aliuliza.

"Hapana, yaya. Nimeizima."

"Imekufa, unanificha."

"Nimeizima, ninakuambia. Miye mwenyewe."

Aliushusha mkono wenye kifurushi. Kisha akageuka kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake, akaelekea nyumbani akisema peke yake, "Sahani. Sahani yangu ya maua iko wapi?"

Ilituchukua muda kumfikisha baba ndani. Alikaa kwenye kiti kilichotazama dirisha. Shangazi alifungua kifurushi chake mwenyewe mezani, akatandaza bugali kwenye sahani yenye maua mekundu, akaongeza sombe, mboga ya majani ya mihogo, na sambaza, akakaa karibu naye hadi magoti yao yakagusana, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Alimpapasa mashavu, masikio, kovu la utotoni kwenye paji.

"Umezeeka mubaya," alisema.

"Na weye haunione hata."

"Ninakuona na mikono. Kula."

Baba alichukua tonge. Akalishika. Hakulipeleka mdomoni. Nilitazama saa yangu, nikaona dakika ishirini na tano, na nikajua kwamba yeye pia alikuwa anahesabu. Huko nje, chini ya boneti, moto ulikuwa unapanda.

"Mwili yako iko mu kiti," shangazi alisema, "masikio yako iko mu motoka. Nasikia kabisa."

"Yaya, ikikatala kuwaka?"

"Enda uwashe," aliniambia mimi, "ili huyu mutu akule."

Nilitoka. Niliweka mkono kwenye boneti nikautoa upesi. Mbele yangu na nyuma yangu barabara ilikuwa imelala kama meza, bila hata kilima cha kujidanganya nacho. Kupitia dirisha la nyumba nilimwona baba, tonge bado mkononi. Nikazungusha ufunguo.

Liliwaka mara moja. Baba alifumba macho. Niliiacha injini ingurume kidogo, kwa ajili yake, mpaka shangazi akapiga kelele kutoka ndani.

"Zima! Tunaongea!"

Nilizima. Niliporudi, baba alikuwa anakula. Alikula kama mtu aliyetoka kufunga, bila kuinua kichwa, na shangazi alikuwa amemgeuzia sikio akisikiliza anavyotafuna. Alipomaliza alijipangusa mdomo.

"Ningekuwa nashuka tangu zamani," alisema. "Nilikuwa naogopa itakufia hapa."

"Najua."

"Unajua aje?"

"Mutu anasimama ku mulango yangu motoka inalia, siwezi kujua anaogopa?" Alikusanya makombo mezani kwa vidole. "Kila mara ulikuwa unasimama pale, miye nilikuwa naomba Mungu. Nilikuwa nasema, Baba Mungu, ile motoka ikufe. Ikufe hapa hapa. Alale kwangu."

Baba alimtazama.

"Na miye pale pale nilikuwa naomba isikufe," akasema.

"Basi Mungu alikusikia weye."

Walianza kucheka, wote wawili, mpaka baba akakohoa na shangazi akampiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa na maziwa. Mimi nilicheka nao. Kisha baba akanigeukia, machozi ya kicheko bado machoni.

"Fundi alisema ilikuwa nini?"

"Waya, Papa."

"Waya tu?"

"Waya tu. Ya masi."

"Waya," alirudia. Alitazama nje, ambako gari lilikuwa limesimama, jeupe katika jua. Sikujua anahesabu nini, lakini midomo yake ilikuwa ikisogea. Nilitazama sahani ya maua mezani.

"Twende, maman," alisema baadaye. "Jua inashuka."

"Viatu," alisema shangazi.

"Nini?"

"Toa viatu. Mutu anakaa mu nyumba yangu na viatu kama polisi."

"Yaya, tunarudi sasa hivi."

"Toa."

Baba aliinama, mkono wa kushoto haukumtii, akabaki ameinama nusu. Shangazi alishuka kutoka kwenye kiti chake, akapiga magoti chini, akatafuta kamba kwa ncha za vidole hadi akapata fundo alilolifunga mama asubuhi. Alilifungua bila haraka. Akavuta kiatu cha kwanza, akakishika kidogo kama anakipima uzito, kisha akakisukuma chini ya kabati, mbali kabisa, mahali ambapo baba asingeweza kukifikia. Akarudi kutafuta cha pili.